Mahali Magari Yanapolala: Panya na Nyaya katika Historia ya Noonkopir

Historia ya mji wa Kitengela, ambao sehemu yake kongwe ingali ikiitwa Noonkopir, huelezwa kwa kawaida kupitia ardhi iliyouzwa, viwanda vilivyojengwa ng'ambo ya mpaka wa kaunti na maelfu ya watu waliohama Nairobi wakitafuta kodi nafuu. Ni nadra kuelezwa kupitia panya. Hata hivyo, mnyama huyo mdogo, ambaye leo hutajwa katika gereji kuwa ndiye chanzo cha gari kukataa kuwaka asubuhi, ni shahidi mzuri wa mambo yaliyozipata tambarare za Athi na Kaputiei kwa muda wa miaka 120 hivi, kwa sababu ili waya wa gari utafunwe ni lazima mambo matatu yakutane: awepo panya, liwepo gari lenye nyaya za kutafunwa, na gari hilo litulie usiku kucha karibu na makao yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mambo hayo matatu hayakukutana Noonkopir. Magari yalipita hapo, hayakulala.

Panya ni mmoja wa wagugunaji, yaani lile kundi kubwa la wanyama linalojumuisha pia kindi, nungunungu na fuko, na linalotambulikana kwa meno ya mbele, jozi moja juu na jozi moja chini, yasiyokoma kukua maisha yote ya mnyama. Meno hayo ya panya hukua kwa kadiri ya milimita 2 au zaidi kila wiki. Upande wake wa nje umefunikwa na enameli, ambayo ni tabaka gumu linalong'aa na ambalo kwa panya mzima huwa na rangi ya manjano iliyokoza, ilhali upande wa ndani ni wa dentini, ambayo ni laini zaidi. Kwa hiyo kila anapoguguna, upande wa ndani hulika upesi kuliko wa nje, na jino hubaki na makali kama ya patasi. Panya asiyeguguna meno yake hurefuka hadi yakamzuia kula. Ndiyo maana mnyama huyu ameonekana akitafuna mabomba ya risasi, mbao, sabuni na hata saruji ambayo haijakauka vizuri, vitu ambavyo hakuna anayeweza kudai kwamba vina ladha ya kumvutia.

Panya wa Noonkopir wana asili mbili, na kila mmoja alifika kwa njia yake. Wa kwanza ni panya wa darini, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus, mgeni kutoka Bara Hindi aliyevuka bahari pamoja na biashara ya pepo za msimu. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, katika matabaka ya karne ya 7 na ya 8, jambo linaloonyesha kwamba majahazi yalimleta Afrika Mashariki mapema sana katika historia ya miji ya Waswahili. Anapenda dari, paa, magunia na ngazi, yaani kila kitu kinachoinuka juu ya ardhi na kumpa mahali pa kupandia, na anafuata nafaka iliyohifadhiwa kama nzi anavyofuata kidonda. Njia yake pana ya kuingia bara ilikuwa Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Athi River na kufika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899 ikiwa na mabehewa ya mchele na unga kwa ajili ya vibarua wake.

Haikuchukua muda mrefu matokeo yake yakaonekana. Mwaka 1902 tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, ilizuka katika soko la Wahindi la Nairobi, na wakuu wa afya wa serikali ya kikoloni wakaamuru soko zima lichomwe moto. Tauni ilirudi tena na tena katika miaka iliyofuata, na Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa mwaka 1913 kuchunguza hali ya afya ya miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza makazi yatengwe kwa misingi ya rangi za watu. Panya, bila shaka, hakuiheshimu mipaka hiyo. Lakini inafaa kukumbukwa kwamba ramani ya Nairobi, na kwa hiyo ya vitongoji vilivyokuja kuizunguka, ilichorwa kwa kiasi fulani kwa hofu ya panya.

Noonkopir yenyewe iliachwa nje ya ramani hiyo. Reli kuu ilipita kaskazini yake, Athi River, na ile reli ndogo iliyojengwa kati ya 1911 na 1915 kupeleka magadi ya Ziwa Magadi sokoni ilichepuka Konza, ikapita Kajiado na kuelekea magharibi. Tambarare za Noonkopir zikabaki kati ya reli mbili bila kuguswa na yoyote. Wamaasai walioishi hapo, ambao kwa mikataba ya 1904 na 1911 walikuwa wamepokonywa malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia na kusongwa kusini, waliishi katika enkang, yaani boma la familia zinazojenga pamoja ndani ya ua wa miiba, na nyumba zao za fito, samadi na udongo hazikuwa na ghala la nafaka wala dari. Jamii inayoishi kwa maziwa, nyama na mifugo inayohamahama haina mengi ya kumpa panya wa darini. Alibaki Athi River na Kajiado, kwenye stesheni na maduka, akisubiri.

Panya wa pili hakuhitaji kuletwa. Ni panya shamba, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Mastomys natalensis, mwenyeji wa mbuga na mashamba ya sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Jike lake huwa na chuchu zinazoweza kufika 24, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo idadi yao hufuata mvua kwa karibu sana. Uchunguzi uliofanywa Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishirikiana na wanasayansi wa Antwerp, Ubelgiji, ulionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mvua nyingi za mapema, yaani zile za vuli, ni dalili ya kutegemewa ya mlipuko wa panya katika msimu unaofuata. Kenya iliwahi kulishuhudia jambo hilo kwa ukubwa. Ukame wa 1960 na 1961, ambao Kajiado hukumbukwa kwa mizoga ya ng'ombe, ulifuatwa mwishoni mwa 1961 na mafuriko makubwa, na mwaka 1962 panya walijaa katika maeneo ya kilimo nchini hadi wataalamu wakaandika ripoti juu yao.

Katika tambarare za Noonkopir, hata hivyo, panya shamba alikuwa na vizuizi vyake. Ardhi hapo ni ule udongo mweusi mzito unaonata kama gundi mvua ikinyesha na kupasuka nyufa ndefu wakati wa kiangazi, nyufa ambazo ni nyumba za bure kwa mnyama mdogo. Lakini juu yake nyasi zilikatwa fupi na ng'ombe, kondoo, pundamilia na nyumbu, na mahali penye nyasi fupi kipanga na mwewe humwona panya kutoka mbali. Jinsi wanyama wakubwa wanavyowazuia wadogo bila hata kuwagusa imepimwa vizuri Laikipia, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, ambako mwaka 1995 vipande vya mbuga iliyo kwenye udongo mweusi wa aina hiyohiyo vilizungushiwa ua wa kuzuia wanyama wa ukubwa mbalimbali. Mwanaikolojia Felicia Keesing aligundua kwamba ndani ya ua ambao wanyama wakubwa hawakuingia, panya mmoja wa mbugani mwenye mifuko mashavuni aliongezeka hadi kukaribia maradufu, kwa kuwa chakula kilichokuwa kikiliwa na ng'ombe na pundamilia sasa kilibaki kuwa chake. Matokeo hayo yalikusudiwa kueleza mbuga, lakini yanaieleza pia ploti yoyote ya mjini iliyozungushiwa seng'enge na kuachwa ikimee.

Ua ndio hasa uliobadilisha Kitengela. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilipotangazwa mwaka 1946, mpaka wake wa kusini uliachwa wazi ili wanyama waende na kurudi katika tambarare hizo kwa majira. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu Wamaasai kusajili ranchi za kikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa na jamii kwa hati moja chini ya wawakilishi waliochaguliwa, na Kitengela ilikuwa mojawapo. Lakini katika miaka ya 1980 ranchi hiyo iligawanywa kwa wanachama wake, na aliyepata hati yake aliweza kuuza. Wengi waliuza, baadhi kwa haja ya karo na matibabu na wengine kwa kuona majirani wameuza. Nyumbu waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 walipungua hadi maelfu machache. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kodi kwa kila ekari ili wasizungushe ua wala kuuza, na mpango huo ulisaidia sehemu za kusini, mbali na barabara. Mjini haukuwa na nguvu ya kushindana na bei ya ploti.

Neno ploti linahitaji maelezo, maana ndilo kiini cha jambo. Kipimo ambacho kimetawala uuzaji wa ardhi Kitengela ni hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100, ambacho ni takriban sehemu ya nane ya ekari. Mnunuzi mmoja hujenga upesi, wa pili hujenga baada ya miaka kumi, na wa tatu hanunui ili ajenge bali ili asubiri bei ipande. Hivyo nyumba yenye watu, taa na mapipa ya taka hukaa bega kwa bega na ploti ambayo nyasi zake zimefika kiunoni. Kwa panya shamba hiyo ni malisho. Kwa panya wa darini, aliyefika sasa pamoja na maduka ya unga, vinu vya posho, mabanda ya kuku wa mayai na magunia ya chakula cha ng'ombe wa maziwa, nyumba ya jirani ni ghala. Wale panya wawili, mgeni wa bahari na mwenyeji wa mbuga, walikutana kwenye mpaka wa ploti mbili. Palikosekana gari tu.

Gari lilikuwa likipita kwa miaka mingi. Njia ya Nairobi kwenda Arusha kupitia Namanga ilikuwa sehemu ya ile ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyoandamana na ndoto yao ya kuunganisha Cape Town na Cairo, na Noonkopir ikawa senta ya maduka machache kando ya njia hiyo. Wafugaji waliopeleka ng'ombe kwenye kiwanda cha Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950 na yenye machinjio yake Athi River, walizipita tambarare hizo kwa miguu huku malori yakiwatimulia vumbi. Hata upitaji wenyewe ulikatizwa: Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, kwa hiyo kwa karibu miaka saba barabara ya Namanga ilikuwa njia isiyofika mbali.

Mabadiliko yaliletwa na kazi. Mwaka 1990 Kenya ilitunga sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, na eneo kubwa zaidi likajengwa Athi River. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyofungulia nguo za Afrika soko bila ushuru ikaongeza viwanda vya kushona, na maelfu ya wafanyakazi wakatafuta vyumba ng'ambo ya mto, Kitengela, ambako kodi ilikuwa ya chini. Hao walitembea kwa miguu au kupanda matatu. Nyuma yao walikuja watu wa ofisi za Nairobi, waliotaka kujenga kwao wenyewe na ambao bila gari wasingeweza kufika kazini saa mbili. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 Kitengela. Ile ya 2019 ilihesabu 154,436. Mji wa namna hii, ambao wakazi wake huondoka alfajiri na kurudi usiku, huitwa na wapangaji wa miji mji wa kulala, na katika mji wa kulala magari nayo hulala, kila moja chini ya kibanda chake cha mabati au kando ya ukuta, likiwa na injini yenye joto ambalo hudumu kwa saa kadhaa baada ya funguo kuchomolewa. Usiku wa Julai katika tambarare za Athi una baridi kali, na panya anajua kuota moto.

Gari lililofika wakati huo, zaidi ya hayo, halikuwa gari lilelile lililopita zamani. Land Rover, lililoanza kuundwa mwaka 1948 na ambalo kwa miongo miwili lilikuwa takriban sura ya serikali katika Umaasai, lilikuwa na nyaya chache tu: za taa, honi, betri, stata na zile za kuwashia cheche. Nyaya hizo zilivikwa mpira na kufumiwa uzi wa pamba, na moja ikikatika dereva aliweza kuifuata kwa macho hadi mwisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki ya PVC ilichukua nafasi ya mpira na pamba. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo unaotumia vifaa vya elektroniki kuamua kiasi cha petroli kinachopulizwa ndani ya injini, kazi ambayo kabureta ilikuwa ikiifanya bila waya wowote, na mwaka 1986 kampuni hiyohiyo ilitangaza mfumo wa kuziwezesha kompyuta kadhaa za gari kuzungumza kupitia nyaya mbili tu nyembamba zilizosokotwa pamoja. Gari la leo hubeba nyaya zenye urefu wa zaidi ya kilomita moja zikiunganishwa pamoja, nyingi zikiwa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Magari hayo yaliingia Kenya kwa wingi baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yakiwa yametumika Japan na kushushwa Mombasa, na kanuni inayokataza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini ilihakikisha kwamba elektroniki ya Japan haichelewi sana kufika Kitengela. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba kanuni iliyokusudiwa kuzuia vyuma chakavu ndiyo pia iliyompa panya nyaya nyingi zaidi.

Anachokiona fundi wa umeme wa gari anapofungua boneti kinafaa kuelezwa, kwa kuwa ndicho ushahidi wenyewe. Juu ya injini, penye ubapa karibu na bomba la hewa, huwa na tandiko la nyasi kavu lililochanganywa na sufi iliyonyofolewa kwenye kile kitambaa cha kuzuia joto kilichobandikwa chini ya boneti. Kando yake huwa na mavi madogo kama punje za mchele zilizoungua, gunzi la hindi, pengine mfupa wa kuku, na harufu kali ya mkojo ambayo dereva alikwisha kuisikia wiki nzima alipowasha feni bila kuijua. Waya uliokatika kwa uchakavu huwa na ncha iliyopindika na shaba yenye ukijani. Waya wa panya huwa umeng'atwa kwa mshazari, na plastiki yake ina mifereji miwili miwili iliyo sambamba, upana wa jozi ya meno. Chini yake vipande vya plastiki vimelala kama makapi, kwa kuwa hakuvila. Tandiko hasa ndilo lililomleta, na waya ulikuwa njiani.

Ukarabati wake ni kazi ya subira. Fundi hutafuta ncha mbili kwa rangi zake, maana kila waya una rangi yake na mara nyingi mstari wa rangi ya pili, huzivua plastiki, huzisokota, huziunga kwa risasi iliyoyeyushwa na kuzifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto au, kazi ikiwa ya haraka, kwa tepu nyeusi. Panya akiwa amekata nyaya kumi na mbili mahali pamoja, na tatu kati yake zikiwa na rangi zinazofanana, hapo ndipo fundi mzuri hutofautiana na fundi wa kubahatisha. Ufundi huu wa kando ya barabara, ambao huitwa jua kali kwa sababu ulifanywa bila paa, ulianza kutambuliwa rasmi na serikali ya Kenya katikati ya miaka ya 1980, na ulijengwa juu ya spana na nyundo. Ujio wa elektroniki uliwalazimisha vijana wake kununua mashine ya kusomea hitilafu, ambayo hutaja kihisi kisichojibu lakini haitaji panya.

Waswahili husema panya huuma akipuliza, kwa maana kwamba aliyeng'atwa hasikii maumivu hadi baadaye, na hakuna msemo unaolifaa jambo hili zaidi. Waya uliokatwa kabisa ni msiba mdogo, kwa kuwa gari haliwaki na chanzo hutafutwa papo hapo. Waya uliovuliwa ngozi tu hufanya kazi siku nyingi, hadi mvua ya Aprili iingize maji, shaba ianze kuota kutu, au nyaya mbili zilizo uchi zigusane gari likiruka tuta. Hapo taa ya injini huwaka na kuzima yenyewe, gari hupoteza nguvu likiwa bado njiani, Mlolongo, na kupona likifika Kitengela, na mwenye gari hubadilisha plagi, koili na pampu ya petroli kabla mtu hajafikiria kuchungulia chini.

Kwa nini waya wa gari jipya uonekane kumvutia panya kuliko wa zamani ni swali lililozusha maelezo yanayorudiwa sana, kwamba watengenezaji siku hizi huvika nyaya plastiki iliyochanganywa na soya, na kwa hiyo panya anakula chakula. Huko Marekani wenye magari walifungua kesi dhidi ya watengenezaji wa Kijapani kwa hoja hiyo katika miaka ya 2010. Maelezo hayo yana udhaifu mkubwa, kwani makapi yaliyoachwa chini ya waya yanaonyesha kwamba hakikuliwa kitu, na wagugunaji walitafuna mabomba ya risasi na nyaya za mpira karne nzima kabla ya soya kutajwa. Tena si wagugunaji peke yao. Tangu miaka ya 1970 Waswisi na Wajerumani wamesumbuliwa na mnyama mmoja wa jamii ya kicheche anayeng'ata mipira na nyaya za magari yaliyoegeshwa, hasa akinusa harufu ya dume mwingine, na kampuni za bima za Ujerumani hulipa madai kama hayo zaidi ya laki moja kila mwaka. Katika milima ya California, bonde la Mineral King, wageni huyafunika magari yao kwa maturubai makubwa kwa sababu ya marmoti, mgugunaji mnene wa milimani anayetafuna mipira ya rejeta. Na katika mbuga za Afrika Mashariki marubani wa ndege ndogo wamekuwa kwa muda mrefu wakizungushia magurudumu matawi ya miiba, sawa na boma la Kimaasai, ili fisi wasiyatafune usiku. Kinachoziunganisha habari hizi zote ni chombo kuachwa kimetulia, gizani, mahali palipo mali ya mnyama.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2020. Tarehe 6 Aprili mwaka huo, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, serikali ya Kenya ilifunga eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake, pamoja na Kitengela, Ongata Rongai, Kiserian na Ngong katika Kaunti ya Kajiado, na zuio hilo halikuondolewa hadi Julai. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilikuwa nyingi mno, nyasi zilikuwa ndefu, na magari yaliyozoea kuamshwa alfajiri yalikaa majuma bila kuguswa. Zuio la pili, la mwisho wa Machi 2021 hadi Mei mosi, liliifunga kaunti nzima pamoja na jirani zake. Katika nchi nyingi duniani miezi hiyo ilileta malalamiko ya panya katika injini.

Dawa zinazotumika Noonkopir ni nyingi na hakuna inayotosha. Sumu za kuzuia damu isigande, zilizotokana na warfarini iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, huua polepole, na panya aliyekwisha kula sumu huenda kufia ndani ya dashibodi, ambako uvundo wake hudumu kuliko hasara ya waya. Bundi au mwewe akimla naye hudhurika. Bundi mwenyewe, ambaye angekuwa mlinzi bora wa ploti, hufukuzwa kwa mawe kwa kuaminiwa kuwa analeta kifo, na nguchiro, nyoka na mondo walikwisha kuondoka na nyasi fupi. Vidonge vya naftalini hufukuza kwa siku chache hadi joto la injini liviyeyushe. Utepe wenye pilipili ambao kampuni moja ya Kijapani huuza kwa ajili ya kufungia nyaya una hoja nzuri nyuma yake, lakini ni ghali. Miiba ya marubani haifai kitu hapa, kwa kuwa kichaka cha miiba ndicho hasa panya angechagua kujificha. Kilichobaki ni paka, kufyeka ploti ya jirani kwa ruhusa yake au bila, na desturi ya kuacha boneti wazi usiku ili injini ipoe upesi na isiwe pango.

Nyaya zikiwa zimeharibika kupita kuungwa, mwenye gari hutafuta fungu zima la nyaya lililotolewa kwenye gari lililokatwa vipande, na kwa hilo husafiri hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wauza vipuri bado huiita Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyejipatia sifa kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akamiliki ardhi hapo kando ya mto. Fungu hilo huning'inizwa dukani kama utumbo wa ng'ombe buchani, likiwa na vibandiko vya Kijapani kwenye kila kiungo, na mnunuzi makini hulikagua inchi kwa inchi, akipitisha kidole kwenye plastiki kutafuta mifereji miwili miwili. Kutoka hapo hadi Mtaa wa Biashara, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walijenga upya baada ya soko lao kuchomwa moto mwaka 1902 kwa sababu ya panya, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.